Je, wajua kwa nini kombo moja ina nguvu kuliko kombo tano?

Nilipounda seti yangu ya kwanza ya kombo katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, niliweka kombo tano ndani yake. Hoja yangu niliiona haina mwanya. Kombo ni kadi mbili ambazo zikikutana zinamaliza mchezo papo hapo, kwa hiyo kombo tano ni njia tano za kushinda, na mwenye njia tano atakosaje hata moja? Nilicheza nayo miezi kadhaa, na karibu kila mara nilishindwa nikiwa nimeshika nusu ya kombo hii, nusu ya ile na nusu ya nyingine. Nilidhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati, ilikuwa hesabu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: Magic ilibuniwa na Richard Garfield na ikatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Kila mchezaji huja na kadi zake mwenyewe, ndizo seti yake. Katika mtindo wa Commander, ambao kwa kawaida huchezwa na watu wanne, kila mmoja ana kadi 100, na ukiacha kadi za ardhi za kawaida na chache zenye ruhusa maalumu, hakuna kadi inayorudiwa. Moja kati ya hizo, kamanda, hukaa pembeni. Zilizobaki 99 huchangwa kuwa bunda la kuvuta. Kila mtu huanza na uhai wa pointi 40, kwa hiyo anayetegemea kushambulia ana pointi 120 za kuwapunguzia wenzake watatu (kamanda ana njia yake ya mkato: akimpiga mtu mmoja jumla ya pointi 21, mtu huyo ametoka). Kombo haihesabu pointi, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Sasa turudi kwenye zile tano. Chukua gunia lenye vitu 99. Kumi kati ya hivyo ni viatu, yaani pea tano za aina tano tofauti, na vilivyobaki ni takataka. Unaingiza mkono gizani na kutoa vitu kumi. Kumi ndiyo idadi ya kadi utakazokuwa umeziona kufikia zamu yako ya tatu: saba za kuanzia, kisha moja kila zamu.

Uwezekano wa kutoa angalau viatu viwili ni kama asilimia 27. Si haba. Lakini viatu viwili si pea. Uwezekano wa vitu hivyo kumi kuwa na angalau pea moja kamili ndani yake ni chini kidogo ya asilimia 5. Ukiwa na cha kulia cha aina moja na cha kushoto cha aina nyingine, bado utatembea peku. Mkono wangu ulikuwa hivyo kila wiki: viatu vipo, pea hakuna.

Rudisha vitu vyote gunini ubadilishe jambo moja tu. Acha pea moja. Vile viatu vinane vingine viondoe, uweke viatu vinane visivyo na upande, ambavyo kila kimoja hugeuka kuwa kiatu unachokikosa. Idadi haijabadilika, ni viatu kumi kati ya vitu 99. Uwezekano wa kutoa viwili bado ni ule ule wa asilimia 27. Ila sasa viwili vyovyote ni pea. Nafasi zile zile kumi kwenye seti, kadi zile zile kumi mkononi, na uwezekano umepanda zaidi ya mara tano. Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, kwa sababu nilidhani nimekosea mahali.

Viatu visivyo na upande ndizo kadi za kutafuta. Maarufu kuliko zote ni Demonic Tutor, iliyokuwamo tangu toleo la kwanza la 1993: unalipa mana mbili (mana ndiyo nguvu ya kulipia kadi, na hutoka kwenye ardhi), unalipekua bunda lako lote, unachukua kadi yoyote na kuitia mkononi. Seti ya kombo ni hizi hasa. Ile jozi inayosifiwa ni kadi mbili tu kati ya mia.

Hesabu hiyo ina mipaka yake, na ni haki niitaje. Inachukulia kwamba kila kadi ya kutafuta hupata kadi yoyote, wakati nyingi hupata aina moja tu: kiumbe, au kifaa, au uchawi wa papo hapo. Haihesabu mana, na kutafuta mara mbili kisha kucheza kombo ndani ya zamu tatu ni ghali. Nyingine hazileti kadi mkononi. Vampiric Tutor huiweka juu ya bunda, nawe unasubiri hadi uivute. Haihesabu pia kwamba ukipewa mkono mbaya wa kuanzia unaweza kuurudisha na kuvuta mwingine. Pengo la kweli ni dogo kuliko mara tano, lakini mwelekeo wake haubadiliki.

Ipo njia ya katikati, nayo ni nzuri kuitazama: kombo zinazochangia kadi moja. Kiki-Jiki, Mirror Breaker ni kiumbe anayejilaza (kadi iliyotumika hulazwa ubavu) ili atoe nakala ya kiumbe wako mwingine. Mkutanishe na Pestermite, ambaye akiingia mezani anaweza kumwamsha kiumbe aliyelala. Nakala inaingia, inamwamsha Kiki-Jiki, Kiki-Jiki anatoa nakala nyingine, nayo inamwamsha tena. Zealous Conscripts anafanya kazi hiyo hiyo, na Felidar Guardian naye anaifikia kwa njia yake. Hicho ni kiatu kimoja cha kulia chenye vya kushoto vitatu. Na ingawa wachezaji huiita kombo isiyo na mwisho, kanuni haziijui milele: lazima utaje idadi. Unasema “nakala elfu moja”, zinahesabiwa elfu moja, mchezo unaendelea, nawe unashambulia kwa jeshi hilo. Mzunguko ukiwa wa lazima kabisa, usio na hiari ya mtu yeyote ndani yake wala wa kuukatiza, mchezo huhesabiwa sare.

Basi, jozi umeipata mkononi. Hapa nilikuwa na dhana nyingine potofu: kwamba wapinzani watatu ni vizuizi vitatu, kwa hiyo niwahi kabla hawajajipanga. Kanuni za kujibu zinaonyesha picha tofauti. Kadi unayoicheza haifanyi kazi mara moja. Inawekwa kwenye mrundiko, na kila mchezaji anapewa nafasi ya kujibu kwa kuweka kadi yake juu ya yako. Ni kama sahani zilizopangwa: iliyowekwa mwisho ndiyo inayoondolewa kwanza. Nafasi hiyo inaanzia kwako mwenyewe, kisha inazunguka kwa mpangilio wa zamu kupitia kwa jirani yako anayefuata. Ni pale tu wote wanapopisha mfululizo ndipo sahani ya juu inafanya kazi.

Fikiria walivyokaa. Jirani wa kwanza ana kadi ya kubatilisha, lakini akiitumia ataiharibu kwa faida ya wote watatu na kubaki mikono mitupu. Anapisha akitumaini wa pili anayo. Wa pili anapisha kwa hesabu hiyo hiyo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini: mzigo wote unaangukia kwa wa tatu, na kama hana kitu, mchezo umekwisha huku kadi ya kubatilisha ikiwa mkononi mwa wa kwanza. Kwa hiyo mwenye kombo hupimana na watu watatu ambao kila mmoja anapenda gharama ailipe mwenzake. Wakati mzuri wa kujaribu, kwa ninavyoona mezani, mara nyingi si pale jozi inapokamilika. Ni mara tu baada ya mtu mwingine kujaribu kushinda na kuzuiwa, maana majibu yametumika kwake na mana zimelala. Kuishika jozi kamili zamu mbili nzima bila kuicheza kuliniwia vigumu kujifunza kuliko hesabu yoyote.

Mpangilio wa kucheza nao una uzito wake. Jozi inayoonyesha hili vizuri ni Thassa's Oracle ya mwaka 2020 na Demonic Consultation ya mwaka 1995, ambazo kwa pamoja hugharimu mana tatu tu. Oracle akiingia mezani, uwezo wake hulinganisha idadi ya alama za mana ya buluu kwenye gharama za kadi zako zilizo mezani na kadi zilizobaki kwenye bunda lako. Bunda likiwa halizidi alama hizo, umeshinda. Consultation inakutaka utaje jina la kadi, kisha inatupa kadi za bunda lako hadi itokee. Ukitaja kadi ambayo haimo, bunda lote linatoweka.

Mchezaji mgeni humaliza bunda kwanza, kisha humleta Oracle. Hapo mpinzani humsubiri Oracle tu, anambatilisha kwa Force of Will, ambayo inaweza kuchezwa bila mana kwa kutoa uhai pointi moja na kadi nyingine ya buluu. Ukifika wakati wa kuvuta kadi kwenye bunda lisilo na kitu, umetoka mchezoni. Mzoefu humtanguliza Oracle. Akibatilishwa, bunda bado lipo na Consultation bado iko mkononi. Akiingia salama, uwezo wake unakaa kwenye mrundiko, na Consultation inawekwa juu yake. Consultation inafanya kazi kwanza, bunda linaisha, kisha uwezo unalikuta bunda lina sifuri. Hata wakimuua Oracle hapo katikati haiwasaidii, maana alama sifuri kwa kadi sifuri zinatosha. Kilichobaki cha kuhofia ni kadi inayobatilisha uwezo wenyewe, kama Stifle ya mana moja ya buluu, ikichezwa baada ya bunda kuisha. Ndiyo maana kabla ya kutaja jina la kadi, macho huenda kwanza kwa wanaocheza buluu, kutazama ni nani ameacha ardhi moja wima, isiyolazwa, ya kulipia jibu.