Je, wajua kijani cha Ziwa Victoria si kitu kimoja?

Ukifika mwaloni, Mwanza au Kisumu, ukakuta maji yamegeuka kijani, ukiuliza utajibiwa kwa mkato: "Ni magugu." Mara nyingi si magugu. Neno hilo limebebeshwa viumbe wa makundi tofauti kabisa: mimea inayoelea, mwani, na bakteria. Kuwatenganisha hakuhitaji maabara, angalau kwa kuanzia. Kunahitaji kijiti, chupa na subira ya usiku mmoja.

Tuanze na vinavyoonekana kwa macho. Gugu maji lenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na liligunduliwa katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Kikonyo cha jani lake kimevimba kama kibuyu kidogo. Kipasue: ndani ni sponji iliyojaa hewa, na hilo ndilo boya lake. Ua ni la zambarau hafifu, na petali ya juu ina doa la njano katikati. Mizizi inaning'inia majini kama ndevu nyeusi. Ukikuta jani limejaa vikovu vidogo vya rangi ya majani makavu, hao ni fukusi wa jamii ya Neochetina, wadudu wa huko huko lilikotoka gugu, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 ili walitafune.

Kabichi ya maji, ambayo kitaalamu ni Pistia, haina kikonyo wala boya. Majani yake yamejipanga kama kabichi iliyofunguka, na ukiyapapasa ni laini kama mahameli. Salvinia ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu ni ndogo na inaonekana haina madhara. Hukaa majani matatumatatu: mawili yanaelea, la tatu limezama na kuchanika nyuzinyuzi mpaka ukadhani ni mzizi. Mzizi haina kabisa. Dondoshea tone la maji juu ya jani lake uone linavyobiringika bila kulilowesha. Juu ya jani kuna vinywele vilivyoungana nchani kama vikapu vidogo, navyo hunasa hewa.

Sasa tuje kwenye kijani kisicho na majani. Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa nyuzi, kwa mfano Spirogyra, ambao chini ya hadubini huonyesha utepe wa kijani uliojizungusha kama springi. Kikitoka kimepakwa, kana kwamba umekichovya kwenye kopo la rangi, shuku sayanobakteria. Zamani waliitwa mwani wa buluu-kijani na jina limewaganda, lakini ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea.

Kuhakikisha, chukua chupa angavu, vaa glavu, iteke hadi robo tatu, ifunike na uiache mahali patulivu isitikiswe. Asubuhi iangalie. Wengi wa sayanobakteria, Microcystis akiwemo, wana vifuko vidogo mno vya hewa ndani ya seli, hivyo watakuwa wamepanda na kufanya pete ya kijani shingoni mwa chupa. Mwani wa kawaida kwa kiasi kikubwa utakuwa umetua chini au umesambaa majini. Hiyo ni dalili tu: sumu haipimwi kwa chupa, hiyo ni kazi ya maabara. Ila ukiona ile pete, usiwanyweshe watoto wala mifugo maji hayo, na usijidanganye kwamba utayachemsha. Mikrosistini, sumu ya Microcystis, haiharibiwi na kuchemsha. Moto huua bakteria, nao wakipasuka huimwaga sumu yote ndani ya sufuria.

Kuna mwingine ambaye hata kijani si rangi yake. Umewahi kuteleza juu ya jiwe la ufukweni lenye ukoga wa kahawia? Huenda aliyekuangusha ni daiatomu. Ni mwani wa seli moja anayejijengea ganda la silika, kitu kilekile kilichomo kwenye kioo, lenye pande mbili zinazovaana kama kopo na mfuniko wake. Wataalamu huunguza nyama ya seli kwa asidi, wakabaki na ganda tupu, kisha wakahesabu mifereji yake chini ya hadubini. Ganda hilo halina haraka ya kuoza. Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, watu huchimba mwamba mweupe, mwepesi ajabu, ambao ni maganda ya daiatomu waliokufa katika ziwa la kale.

Na daiatomu ndio wanaotueleza kilichotokea Victoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yake yalitawaliwa na daiatomu wakubwa wa jenasi ya Aulacoseira. Kisha mbolea, udongo wa mashamba yaliyomomonyoka na majitaka ya miji vikaingiza fosforasi nyingi. Daiatomu wakashiba, wakazaana, wakajenga maganda, wakafa na kuzama na silika yao, mpaka silika ikapungua sana majini. Fosforasi ikabaki. Sayanobakteria hawajengi ganda lolote, kwa hiyo uhaba wa silika haukuwagusa.