Kidonda hakiponi: maswali mnayoniuliza kuhusu kansa ya ngozi

Mimi ni nesi huku Mtwara. Maswali haya nayapata kila siku, sokoni, kwenye daladala, usiku kwenye simu, kwaiyo nayajibu hapa kwa pamoja.

Nesi, kansa ya ngozi si ya wazungu na maalbino? Sisi weusi inatuhusu nini?

Inatuhusu sana tu. Weusi wa ngozi unatukinga na jua, hilo kweli, ila kuna kansa haihitaji jua ndo ije. Melanoma, yani kansa ya chembe zinazotengeneza weusi wa ngozi, kwa watu weusi inapenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, yani sehemu ambazo mtu haangalii. Bob Marley ilimuanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu, akafariki 1981 ana miaka 36 tu. Sasa huku kwetu mtu anaona doa jeusi unyayoni anasema funza, anachokoa na pini, likigoma anaambiwa umekanyaga kitu ulichotegewa, anazungushwa kwa waganga weee mpaka tezi za kinena zinavimba ndo analetwa hospitali. Inaniuma sana hii. Alafu kuna ingine inaota kwenye kovu la moto au kidonda sugu cha mguu ambacho mtu kakaa nacho miaka na miaka, ashakizoea.

Ntajuaje kwamba hiki sio kidonda cha kawaida?

Kidonda cha kawaida ndani ya wiki mbili tatu unaona kinaanza kufunga. Kikipita mwezi bado, au kinafunga kinafumuka, ukikigusa kidogo damu, kingo zimenyanyuka na ni ngumu, nenda ukakatwe kinyama kipimwe. Sio kupewa antibayotiki mara ya tatu na mara ya nne, omba kipimo. Doa nalo likiwa linakua, lina rangi mbili tatu, kingo zimepinda pinda, usingoje liume, maana mwanzoni haliumi. Kuhusu kucha: mistari myeusi kwenye vidole vingi kwa watu weusi ni kawaida, ila mmoja peke yake, mpya, unapanuka na weusi umevuka mpaka kwenye nyama, huo ukaonwe. Na madoa ya zambarau kwa mtu mwenye VVU yanaweza kuwa Kaposi, nayo ni aina ya kansa, arudi kliniki yake mapema.

Mwanangu ana ualbino, tupo Tandahimba, nimlinde vipi?

Mama, hapa nakuomba usome taratibu. Kwake jua ndo adui mkubwa na madhara yanaanza utotoni, ndo maana ukisubiri akue unakuwa umechelewa. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, kapelo haifai kwasababu inaacha masikio na shingo. Shati mikono mirefu, kitambaa kizito. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni akae ndani au kivulini, hata kukiwa na mawingu. Msimu wa korosho mwache abaki nyumbani achambue, kuokota waokote wengine au aende alfajiri. Ongea na mwalimu asikatazwe kofia na asisimamishwe paredi juani, na akae mbele darasani maana macho nayo yanamsumbua.

Mafuta ya kukinga jua yawe SPF 30 au zaidi (namba ya nguvu ya kukinga, imeandikwa kwenye chupa), apake kila masaa mawili akiwa nje. Yapo ya Kilisun, yalianza kutengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya wenye ualbino, yanagawiwa kliniki, hivyo uliza hospitali ya wilaya.

Alafu kila ukimuogesha mpapase nyuma ya masikio, kisogoni, mdomo wa chini na juu ya mikono. Ukisikia pamekwaruza kama msasa, mpeleke, hapo bado sio kansa na panatibika kwa kugandishwa na baridi au kwa krimu.

Baharini kuna upepo, jua hata silisikii. Na mafuta ya nazi si yanakinga?

Kinachoharibu ngozi ni mionzi ya jua, sio joto, upepo unakudanganya tu. Maji, mchanga mweupe na chumvi vinairudisha ile mionzi usoni kutokea chini. Ndugu mwenye ualbino anaefanya kazi mashamba ya chumvi au anaechokoa pweza bamvua mchana yuko hatarini zaidi, atafutiwe kazi ya kivulini. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, kukinga hayakingi.

Mkorogo je?

Unaondoa ile kinga yako mwenyewe. Acha.

Bibi yangu wamemwambia ni kansa, kidonda kinanuka, majirani wamemkwepa. Ndo basi tena?

Sio basi. Ikiwa bado ndogo upasuaji unaitoa yote, watu wanapona na kuendelea na maisha, ila arudi kuangaliwa maana ingine inaweza kutokea pengine. Anzeni hospitali ya Ligula hapa Mtwara, au Sokoine kama mko Lindi, Ndanda au Nyangao kama ndo karibu, wakiona inahitaji tiba ya mionzi watawapa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa Dar. Tiba hiyo haiui, kinachoua ni kuchelewa. Hela zikiwa ngumu muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjakata tamaa. Harufu inatokana na bakteria, ipo dawa ya kupaka inaipunguza, mwambieni anaemfunga kidonda. Na kansa haiambukizi, leteni sinia mle nae kama zamani.