Roboti ya Kutembea Haianzi na Kompyuta

Anayepata hamu ya kujiundia roboti ya kuchezea inayotembea mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya bodi ya Arduino, yaani kikompyuta cha kuendeshea vifaa, na servo nne, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa. Miguu huifikiria mwishoni. Matokeo yake ni yale yale: taa zinawaka, kidude kinatetemeka, kinainua mguu mmoja, kisha kinaanguka kifudifudi. Hapo mwenyewe anarudi kwenye programu kutafuta kosa, na kosa halimo humo.

“Bila kompyuta, roboti haiwezi kutembea”

Hii ndiyo dhana potofu kubwa kuliko zote. Mwaka 1938 huko Marekani, John Wilson alipata hataza ya kisanamu cha mbao chenye miguu miwili ambacho, kikiwekwa juu ya ubao ulioinama, kinateremka chenyewe hatua kwa hatua. Hakina betri, hakina mota, hakina hata springi. Uzito wake ndio unaokisukuma. Nyayo zimeviringwa kwa chini, hivyo kidude kinayumba kulia na kushoto. Kikiegemea upande mmoja, mguu wa upande wa pili unabaki hewani na kupata nafasi ya kubembea mbele.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilionekana kuwa mchezo wa watoto tu. Kisha mwaka 1990 Tad McGeer, akiwa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, akachapisha hesabu zinazoeleza kwa nini mashine ya namna hiyo haianguki: nishati inayopotea kila mguu unapogonga chini hurudishwa na mteremko, na mwendo wenyewe hujirekebisha ukiyumba kidogo. Mwaka 2005 watafiti walioendeleza kazi hiyo waliandika katika jarida la *Science* kwamba ASIMO, ile roboti maarufu ya Honda, ilitumia nishati angalau mara 10 ya anayotumia binadamu kutembea, uzito na umbali vikizingatiwa. Mashine yao, iliyotegemea umbo zaidi kuliko mota, ilikaribia kiwango cha binadamu. Mwaka 2011 roboti ya Chuo Kikuu cha Cornell iitwayo Ranger ilitembea kilomita 65 bila betri yake kuchajiwa njiani. Ilikuwa na kompyuta ndani, ni kweli, lakini miguu ilikuwa imeumbwa itake kutembea kabla ya kuamriwa.

Kwa hiyo mimi ningemshauri anayeanza atengeneze kwanza kisanamu cha mteremko. Vipande viwili vya mbao laini, waya mgumu wa kupita katikati, nyayo pana zilizosuguliwa kwa msasa mpaka ziwe na mviringo, na ubao wa plaiwudi ulioinuliwa kidogo kwa kitabu. Kikiteleza badala ya kutembea, bandika ukanda wa tyubu chakavu ya baiskeli chini ya nyayo. Kikianguka mbele, punguza mwinamo. Atakayekaa nacho jioni mbili atajifunza mambo ambayo hakuna mstari wa programu utakaomfundisha.

“Ikishindwa kujiinua, weka mota kubwa zaidi”

Hapa inabidi tupige hesabu. Servo ndogo ya bluu inayouzwa kila mahali, SG90, ina uzito wa gramu 9 hivi, na nguvu yake ya kuzungusha imeandikwa kuwa kilo 1.8 kwa sentimita moja kwenye volti 4.8. Maana yake, mzigo ukiwa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili, servo inakwama kwenye kilo 1.8. Ukiwa sentimita 6, inakwama kwenye gramu 300. Na hapo ni kukwama. Kwa kazi ya kawaida ni busara kutegemea theluthi tu, yaani gramu 100. Betri nne za AA peke yake zinakaribia uzito huo.

Ukiweka servo kubwa, itadai betri kubwa, na betri kubwa itadai servo kubwa zaidi. Njia nafuu ni kupunguza urefu, ila ni urefu gani? Kinachohesabiwa ni umbali wa mlalo kati ya mhimili wa servo na pale wayo unapogusa sakafu, si urefu wa mguu wenyewe. Mguu ulionyooka wima chini ya servo hauisumbui karibu hata kidogo. Mguu huo huo ukitandazwa pembeni kwa mtindo wa buibui unaikaba koo. Vijana wengi wanapenda ule mkao wa buibui kwa sababu unapendeza kwenye picha. Servo zao zinaungua.

“Inajizima na kuwaka yenyewe, basi programu ina kasoro”

Mara nyingi ni umeme. Servo moja inayokwama inavuta mamia ya miliampea, na tundu la kawaida la USB limekusudiwa kutoa 500 tu. Nne zikianza kwa pamoja, volti inashuka, chipu inajiwasha upya, roboti inarudi kwenye mkao wa mwanzo. Betri ya mraba ya volti 9 haisaidii, maana haiwezi kutoa mkondo wa kutosha. Zipe servo betri zao, unganisha waya wa hasi wa betri hizo na ule wa bodi, na ongeza karibu na servo kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, ya mikrofaradi 470 au zaidi. Ukitumia betri za lithiamu ulizozitoa kwenye laputopu mbovu, tafadhali usizichaji kwa ubunifu; zinalipuka moto kweli.

“Miguu miwili ni rahisi kuliko sita”

Ni michache, si rahisi. Roboti inayokwenda polepole haianguki mradi kitovu cha uzito wake kiko juu ya eneo lililozungukwa na nyayo zilizo chini. Yenye miguu sita inaweza kuinua mitatu na kusimamia mitatu muda wote. Yenye minne inapaswa kuinua mmoja mmoja na kuhamisha mwili kwanza. Yenye miwili inabaki na wayo mmoja, ndiyo maana Otto, roboti ndogo ya servo nne ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote, ina nyayo pana kupita kiasi. Hilo si udanganyifu. Udanganyifu ulikuwa kwa wanasesere wa Kijapani wa kupeleka chai, ambao michoro yao ilichapishwa mwaka 1796: miguu ilichezacheza chini ya vazi, na kilichobeba mwili kilikuwa magurudumu.

“Kila mguu unahitaji mota yake”

Mholanzi Theo Jansen amekuwa akiunda wanyama wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufukweni kwa upepo tangu mwaka 1990, na kila mguu wao unaendeshwa na krenki, yaani mkono mfupi kwenye mhimili, inayozunguka tu. Siri iko kwenye uwiano wa vijiti, alioutafuta kwa kompyuta: krenki ikiwa 15, kijiti kirefu kuliko vyote ni 65.7, na vingine viko katikati. Ukivisoma kwa milimita unapata mnyama wa mezani, na uwiano haubadiliki. Vijiti vya mishikaki, pini, na mota moja ya njano yenye gia vinatosha, ila miguu ya kila upande ipishane kwa theluthi ya mzunguko ili isipae yote kwa wakati mmoja. Programu hakuna. Kinachosumbua ni matundu: yakilegea, wayo unaburuta; yakibana, mota inakwama.

Watoto wanaounda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu tayari wanajua sehemu ya kazi hii, kwa hiyo lile dai kwamba vifaa lazima viagizwe nje silipi uzito. Printa iliyokufa ina mota na gia ndani yake. Jaribu tu kwenye saruji iliyosakafiwa kabla ya kuhukumu. Juu ya vigae nyayo zinateleza, na juu ya mkeka zinanasa kwenye ukili, na kote kuwili utaanza kurekebisha mguu usio na kosa.