Kusahau: kipi ni cha kawaida na kipi ni ugonjwa? Maswali na majibu

Naingia chumbani, nasimama katikati, na sijui nilifuata nini. Ubongo wangu unaharibika?

Kwa kawaida, hapana. Ulichopoteza ni wazo uliloliweka kwenye kumbukumbu ya muda mfupi kabisa, ile inayoshikilia jambo kwa sekunde chache tu wakati unalifanyia kazi. Nafasi yake ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kuwa inabeba vitu 7, vipungue au vizidi viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia upya ushahidi akaishusha hadi karibu vitu 4.

Muda wake nao ni mfupi. Lloyd na Margaret Peterson, mwaka 1959, waliwapa watu herufi 3 za kukumbuka, kisha wakawataka wahesabu kurudi nyuma tatu-tatu ili wasipate mwanya wa kuzirudia kimoyomoyo. Zilipofika sekunde 18, karibu zote zilikuwa zimeyeyuka. Herufi tatu tu! Basi ukitoka sebuleni kufuata mkasi, ukasoma ujumbe wa simu ukiwa njiani, mkasi hauna pa kukaa.

Kulizuia, sema kwa sauti unachofuata na usishike jambo jingine hadi ukipate. Likishatokea, rudi pale ulipokuwa. Vitu ulivyokuwa unavitazama wazo lilipokujia mara nyingi hulirudisha, kwa sababu ubongo hufunga jambo pamoja na mazingira yake.

Nitajuaje kama nimesahau, au sikuwahi kulinasa jambo lenyewe?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawajiulizi, nalo ndilo linalostahili kuulizwa kwanza. Kumbukumbu hupitia hatua tatu: kunasa, kuhifadhi na kurejesha. Malalamiko mengi ya watu wenye afya njema yako kwenye hatua ya kwanza. Jina la mgeni uliyetambulishwa kwake jana huenda halikupotea. Lilipotamkwa ulikuwa unawaza utajibu nini, kwa hiyo halikuandikwa popote.

Jipime hivi: mtu akikudokezea herufi ya kwanza au mahali mlipokuwa, je, jambo linarudi? Likirudi, lilihifadhiwa, ila njia ya kulifikia ndiyo ilikuwa imeziba. Lisiporudi hata kwa vidokezo vingi, na ulikuwa umelizingatia vizuri, basi tatizo linaweza kuwa katika kuhifadhi. Daktari anayepima kumbukumbu hutazama tofauti hiyohiyo.

Ndani ya ubongo, kumbukumbu inakaa wapi?

Haikai mahali pamoja. Mwaka 1953 kijana wa miaka 27 nchini Marekani, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji ili kutuliza kifafa kikali. Daktari William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili karibu na masikio, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo chenye umbo la kujikunja kama samaki farasi wa baharini. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, karibu kila tukio jipya lilimtoka punde mawazo yake yalipohamia kwingine.

Wakati huohuo akili yake ilikuwa timamu, alizungumza vizuri, na mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora kwa kufuata mistari ya nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu aliendelea kuwa hodari zaidi, ingawa hakukumbuka kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo. Ndipo ikawa wazi kuwa mifumo ni zaidi ya mmoja. Hipokampasi inahitajika ili kunasa matukio na maarifa mapya; ujuzi wa mwili, kama kuendesha baiskeli, hutegemea sehemu nyingine za ndani ya ubongo pamoja na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Hofu ina mlinzi wake, amigdala, ndiyo maana tukio la kutisha hung'ang'ania.

Ukishuka hadi kwenye seli, kumbukumbu ni mabadiliko katika sinapsi, yaani maungio ambapo seli moja ya neva huipasha nyingine habari. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwa sungura kwamba maungio yakisisimuliwa kwa mfululizo wa haraka hubaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alitumia koa wa baharini kuonyesha kuwa kumbukumbu fupi huhitaji tu kubadilisha kemikali zilizopo, lakini ya kudumu huhitaji seli itengeneze protini mpya. Utengenezaji huo una saa zake, na hauharakishwi kwa kujilazimisha.

Nasoma usiku kucha, asubuhi kwenye mtihani naona giza. Nifanye nini?

Unafanya makosa mawili kwa mpigo: unarundika, na unanyima ubongo usingizi unaouhitaji kuimarisha ulichosoma. Katika usingizi mzito hipokampasi huyapitia tena matukio ya mchana na kuyashirikisha na tabaka la nje la ubongo. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10.

Kuhusu kurundika, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Alipojifunza orodha upya baada ya saa moja, juhudi aliyookoa ilikuwa chini ya nusu. Baada ya siku moja ilikuwa karibu theluthi, na baada ya siku 31 karibu moja ya tano. Mporomoko mkubwa hutokea mapema, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yafanyike kabla ya siku mbili kupita.

Namna ya kurudia ina uzito kuliko idadi ya saa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waligawa wanafunzi: wengine walisoma kifungu mara mbili, wengine walisoma mara moja kisha wakajaribu kukiandika bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tu asilimia 42. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapodanganyika. Kusoma tena hufanya maandishi yaonekane ya kuzoeleka, na mazoea hayo tunayachukua kuwa ni kujua.

Kwa vitendo: soma sehemu ndogo kwa dakika 20 au 25, simu ikiwa chumba kingine. Funga kitabu. Andika au eleza kwa sauti kila unachokumbuka, hata kama unakwama. Kule kukwama na kutafuta ndiko kunakoimarisha njia. Kisha fungua kitabu na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, maana kosa lisiposahihishwa mapema nalo hukomaa. Rudia kesho, kisha siku ya tatu, ya saba, na baada ya wiki tatu. Siku zenyewe si amri. Shika tu kanuni ya kuacha mapengo yanayozidi kurefuka. Unachokijibu mara mbili bila shida kisogeze mbele, muda wako upe kile kinachokushinda.

Nina uhakika kabisa na nilichokiona. Inawezekanaje wengine wakumbuke tofauti?

Inawezekana sana, tena bila mtu kusema uongo. Tunapokumbuka, ubongo hujenga tukio upya kutokana na vipande, na mianya huizibia kwa yale tunayoyatarajia au tuliyoyasikia baadaye. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Walioulizwa mwendo wa magari "yalipopondana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana". Wiki moja baadaye, asilimia 32 ya waliosikia neno zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya asilimia 14 ya wenzao. Vioo havikuwepo. Ukishuhudia ajali au uhalifu, andika ulichoona kabla hujazungumza na mashahidi wengine.

Mbona sikumbuki chochote cha nilipokuwa na mwaka mmoja?

Karibu hakuna anayekumbuka. Kumbukumbu za kwanza za watu wengi huanzia umri wa miaka 3 hivi, kwa kuwa hipokampasi na lugha ya kusimulia tukio bado vinakua. Picha ulizoonyeshwa na hadithi ulizosimuliwa zinaweza kukufanya udhani unakumbuka.

Vidonge vya kuongeza kumbukumbu vinafanya kazi?

Kwa mtu asiye na upungufu wowote, okoa fedha zako. Dawa ya majani ya ginko ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, miligramu 120 mara mbili kwa siku kwa takriban miaka 6, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa haikuzuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Vitamini B12 husaidia waliopungukiwa nayo tu.

Ni mambo gani yanayovuruga kumbukumbu lakini yanarekebishika?

Anza na dawa unazotumia. Dawa za zamani za mzio na mafua zinazosinzisha, kama klofeniramini na difenhidramini, hupunguza kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kunasa mambo mapya. Wazee huathirika zaidi. Dawa za usingizi na wasiwasi za kundi la daiazepamu nazo hudhoofisha kumbukumbu. Usiache ghafla dawa ya kundi hili uliyoizoea, kwani unaweza kupata degedege. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

Pombe nyingi kwa haraka huzima unasaji wa hipokampasi huku mtu akiendelea kutembea na kuongea. Asubuhi hakuna cha kukumbuka hata ukimbana vipi, kwa sababu hakikurekodiwa. Mlevi wa muda mrefu asiyekula vizuri anaweza kukosa vitamini B1 hadi akapata uharibifu wa kudumu.

Mengine ni upungufu wa B12 (anayetumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi apimwe), tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, sonona, kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi usingizini, VVU, kaswende, na damu iliyovuja polepole ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka. Usikivu hafifu pia huonekana kama usahaulifu: asiyesikia hana cha kunasa.

Mama yangu ana miaka 74 na anarudia swali lilelile. Nimpeleke lini?

Mpeleke. Kupoteza funguo na kuzikumbuka baadaye ni jambo la umri. Kurudia swali dakika chache baada ya kujibiwa si la umri. Vivyo hivyo kupotea katika njia aliyoizoea, kushindwa kufuata hatua za kazi aliyoifanya maisha yake yote, au kukorofisha hesabu za fedha alizozimudu. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni tatizo, wanaoliona ni wa nyumbani.

Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, zikiwemo za kienyeji. Andika matukio matatu au manne na tarehe zake, na aende anayeishi naye. Tarajia kipimo kifupi cha kukumbuka maneno na kuchora saa, vipimo vya damu kutafuta sababu zilizotajwa juu, na wakati mwingine picha ya ubongo.

Usisubiri miadi iwapo mkanganyiko umeanza ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa, ameumia kichwa, ana maumivu makali ya kichwa, mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri. Huyo ni wa dharura leo hii, na umweleze mhudumu saa kamili alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu baadhi ya tiba za kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze.