Kengele ya mwisho ikilia, mtoto anakabidhiwa kwa nani?

Chukua mtoto wa miaka 12. Darasani haongei. Akiitwa asome kwa sauti, huinamisha kichwa, maneno yanamkwama, na wenzake wanaanza kucheka kabla hajaifikia nukta ya kwanza. Kwenye kumbukumbu za mwalimu ameandikwa "hashiriki". Saa moja baadaye, katika ukumbi wa shule hiyohiyo, yuko kwenye mazoezi ya maigizo. Ameshika sehemu yake yote, na ya wenzake wawili pia. Mmoja akisahau, yeye ndiye anayemnong'oneza. Mwalimu wa darasa hana habari. Mkufunzi wa maigizo naye hana habari kwamba mtoto huyu anasoma kwa taabu. Anadhani ni kipaji cha kukariri, kumbe mtoto anakariri ili asilazimike kuishika karatasi mbele ya watu.

Watu wazima wawili wanamwona mtoto mmoja kila siku, kila mmoja ana nusu ya habari, na huenda hawajawahi hata kusalimiana. Sisi tunaoshughulika na makuzi ya vijana tunaliona hili mara nyingi, na kwa maoni yangu linawagharimu watoto kuliko ukosefu wa mipira au kompyuta.

Mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner alilieleza jambo hili kinadharia mwaka 1979. Alisema mtoto halelewi na nyumbani, shule na mtaa kana kwamba ni vyumba vilivyofungwa. Uhusiano kati ya mazingira hayo nao unamlea. Wazazi na walimu wanapozungumza, mtoto anakua ndani ya mazungumzo hayo. Wasipozungumza, anakua ndani ya ukimya huo pia, na hujifunza mapema sana kwamba anaweza kuwa mtu mmoja hapa na mwingine kule.

Je, programu za baada ya masomo, kama yale mazoezi ya maigizo, zinasaidia kweli? Zinasaidia, ila si zote. Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walichapisha mwaka 2010 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu programu za aina hii zinazofundisha stadi za maisha na za kijamii. Kwa ujumla, washiriki walijiamini zaidi, waliipenda shule zaidi, alama zao zilipanda na utundu ukapungua. Lakini mafanikio hayo yalionekana hasa kwenye programu zilizofundisha stadi kwa hatua zinazofuatana, zikawashirikisha vijana kwa vitendo, zikatenga muda maalumu kwa kazi hiyo, na zikataja waziwazi ni stadi gani inayofundishwa. Kuwakusanya watoto tu mpaka wazazi watoke kazini ni ulinzi. Ulinzi ni jambo jema, ila tusiuite kwa jina lingine.

Sasa tuje kwenye kuunganisha shule na programu hizi, ili wale watu wazima wawili wazungumze. Watu wengi huanza na hati ya makubaliano: wakuu wawili wanatia saini, picha inapigwa, hati inaingia kabatini. Mimi ningeanza na ufunguo. Ugomvi unaochosha zaidi kati ya shule na programu huwa juu ya nani aliacha darasa bila kufagiwa, nani alifuta kazi iliyokuwa ubaoni, na nani anatunza funguo za stoo. Mambo hayo yakitatuliwa wiki ya kwanza, watu wanaanza kuaminiana. Yasipotatuliwa, hakuna kikao cha falsafa ya malezi kitakachofika mbali.

Jambo la pili ni kazi za nyumbani. Mkufunzi mwenye nia njema humfundisha mtoto kugawanya kwa njia aliyojifunza yeye utotoni. Kesho yake mwalimu anaikosoa njia hiyo kwa wino mwekundu, na mtoto anabaki na njia mbili nusunusu. Dawa yake ni nyepesi mno: mkufunzi apate ratiba ya mada za wiki, na aingie darasani mara moja moja akae nyuma asikilize. Hata hivyo, programu isigeuzwe kuwa shule ya pili. Mtoto aliyekaa kwenye dawati mchana kutwa akipelekwa kwenye dawati lingine jioni, atatafuta njia ya kutoroka, na simlaumu.

Tatu ni mahudhurio. Mtoto akianza kukosa mazoezi ya jioni ambayo huwa hayakosi, mara nyingi kuna jambo, na mkufunzi huweza kuligundua kabla rejista ya shule haijaonyesha chochote. Rejista mbili zikilinganishwa kila wiki, utoro unaonekana ungali mchanga. Hapa lazima pawe na mipaka. Wazazi waelezwe kwa maandishi ni taarifa gani zitavuka na nani atazisoma, kisha waridhie. Kijana mwenyewe naye aambiwe. Alichomweleza mkufunzi kwa siri hakipelekwi kwenye ofisi ya walimu, isipokuwa pale usalama wake au wa mwenzake unapokuwa hatarini.

Kazi zote hizi zinahitaji mtu. Kama kila mmoja atazifanya "akipata nafasi", hazitafanyika. Shule na programu zilizofungamana vizuri huwa na mratibu anayelipwa kwa kazi hiyo, anayekaa kwenye kikao cha walimu asubuhi na kuwapo uwanjani jioni. Bajeti ikibana, huyo ndiye wa kwanza kukatwa, kwa sababu kazi yake haionekani kwenye picha.

Kosa moja zaidi: habari huwa zinapita upande mmoja. Shule inaipa programu orodha ya watoto wasumbufu, basi. Mkufunzi haulizwi ameona nini. Angeulizwa kuhusu yule mtoto wa maigizo, mwalimu angeweza kumpa ukurasa wa kusoma siku mbili kabla, akaufanyie mazoezi ukumbini na wenzake, halafu siku ya tatu amwite asimame asome.