RC522 haitaki volti 5

Wanaoanza na Arduino Uno, bodi ndogo ya kuprogramu, huambiwa: bodi ni ya volti 5, basi kisoma kadi cha RC522 nacho kipe 5. Sivyo. Chipu yake, MFRC522 ya kampuni ya NXP, imetengenezwa kwa volti 2.5 hadi 3.6, na ukomo wake wa kuvumilia ni 4. Waya wa umeme uende kwenye pini ya 3.3V.

Imani hii haifi kwa sababu baadhi ya visomaji huendelea kusoma kadi hata vikipewa 5, na mwenye nacho huona huo ni ushahidi tosha. Ni bahati tu, nayo huisha.

Nyaya za data nazo zina mambo yake. Ishara zinazotoka Uno kwa pini 9, 10, 11 na 13 ni za volti 5. Zishushe kwa rezista mbili kila waya, kilo-omu 1 kwenye njia na 2 kwenda graundi. Pini 12 inapokea tu, na volti 3.3 inaitosha kutambua “moja” ya kidijitali.

Halafu lile neno SDA lililoandikwa kwenye kisoma kadi lisikupeleke A4, pini ya Uno yenye jina hilo hilo. Kwenye SPI, njia ya mawasiliano inayotumika hapa, hiyo ndiyo pini ya kuchagua chipu, inakwenda 10.