Shina la Zambarau Halijaomba DAP

Wiki hii swali lilelile la mashina ya zambarau limenifikia tena, na safari hii limekuja likiwa na jibu lake tayari. Dada mmoja wa Mbezi kanitumia picha ya miche ya nyanya iliyo kwenye viroba uani kwake. Mashina yamekolea zambarau kuanzia chini hadi kwenye vikonyo. Ujumbe wake: "Bwana shamba, hii fosforasi imepungua, nimeshanunua DAP, niweke vijiko vingapi?" Hakuuliza mche una nini. Aliuliza vijiko. (DAP ni mbolea ya kupandia yenye kirutubisho cha fosforasi kwa wingi.)

Miche yenyewe ilikuwa mizima. Majani ya kijani, yamekaza, ncha inasukuma majani mapya, urefu unaolingana na umri wake. Ni nyanya iliyoshiba na kupigwa jua, basi. Nikamwambia aifunge hiyo DAP vizuri aiweke pakavu. Sikuona kama ameridhika, na namwelewa, kwa sababu kila anakouliza anaambiwa neno moja: zambarau ni fosforasi. Ameambiwa kwenye kundi la WhatsApp, ameambiwa duka la pembejeo, ameona kwenye video. Mimi nimechoka kuona watu wanaunguza miche mizuri kwa ajili ya sentensi moja, kwa hiyo leo naieleza yote.

Sentensi hiyo ina asili ya kweli. Mahindi machanga yakikosa fosforasi, majani ya chini huanza kuwa zambarau kwenye ncha na kingo. Nyanya nayo ikikosa fosforasi huwa zambarau upande wa chini wa jani, hasa kwenye mishipa. Hayo hayana ubishi. Kosa linaingia pale mtu anapoigeuza kauli: kwa kuwa kukosa fosforasi huleta zambarau, basi kila zambarau imeletwa na kukosa fosforasi. Malaria huleta homa, lakini hakuna daktari wa maana anayemwandikia dawa ya malaria kila mwenye homa bila kumpima.

Rangi hiyo kwenye nyanya, pilipili, bilinganya na mahindi inaitwa anthosianini. Mmea unaitengeneza wenyewe ndani ya seli zake, na sukari ndiyo inayouchochea kuitengeneza. Hapo ndipo ufunguo ulipo. Jambo lolote linalofanya sukari itengenezwe kwa wingi kuliko inavyotumika linaweza kuleta zambarau. Fosforasi ikipungua, mmea hupunguza kukua kabla haujapunguza sana kutengeneza sukari, kwa hiyo sukari inajikusanya. Naitrojeni, kirutubisho kingine, ikipungua, mambo ni hayohayo. Baridi ikizidi, hayohayo. Mizizi ikibanwa, kamba ikikaza shina, funza akitafuna ndani ya bua na kukata njia ya chakula, sukari inarundikana juu ya jeraha na rangi inatokea. Jua kali peke yake linatosha. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana mmea unanufaika nini na rangi hiyo: kuna wanaosema ni kinga dhidi ya mwanga mkali, wengine wanasema ni namna ya kujiondolea mzigo wa sukari. Mimi naelekea upande wa kinga ya mwanga, kwa sababu mara nyingi naona upande wa shina unaotazama jua umekolea na upande wa kivulini ni kijani, shina hilohilo, udongo huohuo.

Kabla ya yote hayo, kuna urithi. Bilinganya nyingi zina mashina ya zambarau tangu utotoni. Pilipili huweka doa la zambarau kwenye vifundo, pale tawi linapochipukia, na hiyo ni kawaida yake kabisa. Choya ni nyekundu shina zima. Kuna mipapai yenye vikonyo vya zambarau na isiyo navyo, kuna mihogo yenye vikonyo vyekundu na yenye vya kijani, na viazi vitamu ambavyo mashina yake yamekolea ilhali jirani yake ni kijani tupu. Mche mchanga wa nyanya nao, sehemu ya shina iliyo chini ya majani mawili ya kwanza huwa zambarau kwa kuzaliwa. Iko nyanya iliyokosa jeni la rangi hiyo na mche wake ni wa kijani kitupu. Wazalishaji wa mbegu hutumia tofauti hiyo kama alama ya kutambua miche kitaluni. Kwa hiyo anayepanda mbegu ya nyanya ya Tanya au Tengeru 97 na kuona zambarau pale chini wiki ya pili, ameona nyanya.

Sasa mchicha, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini kwa sababu ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Mchicha mwekundu hauna anthosianini kabisa. Rangi yake inatokana na kundi jingine la kemikali linaloitwa betalaini, lilelile lililo kwenye kiazisukari chekundu tunachotia kwenye juisi na kachumbari. Haijapata kuonekana mmea wenye makundi yote mawili kwa pamoja. Ukiwa na hili, lile huna. Kwa hiyo mtu anayetazama mashina mekundu ya mchicha wake akakumbuka somo la mahindi na kwenda kumwaga DAP, hata kanuni anayoifuata haimhusu. Mchicha wa zambarau umezaliwa hivyo. Ukiona umedumaa, tafuta sababu ya kudumaa, rangi iache.

Watu wengi pia wameshika maelezo ya baridi. Wameyatoa kwenye video za Ulaya na Marekani, na kule ni kweli: udongo ukiwa baridi, mizizi huchukua fosforasi kwa shida hata kama imejaa tele. Lakini hapa Dar, usiku wa kipupwe, mwezi wa saba, hewa hushuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi. Hiyo si baridi ya kuifanya nyanya ishindwe kunywa fosforasi. Ukiwa Lushoto au Njombe nitakusikiliza. Ukiwa Tabata, hapana.

Upungufu halisi wa fosforasi dalili yake ya kwanza ni kudumaa. Mche unakaa palepale. Majani yanakuwa madogo, kijani chake kinakolea mpaka kinaelekea ubuluu, na zambarau inaanzia majani ya chini, yaliyozeeka, kwa sababu mmea unainyofoa fosforasi kwenye majani ya zamani na kuipeleka ncha. Ukiona zambarau juu na chini kuko safi, hiyo hadithi haisimami. Ukiona majani ya chini yamepauka kuwa njano na mishipa imekuwa ya zambarau, fikiria naitrojeni kwanza, hasa kwenye kabichi na sukuma wiki.

Je, udongo wa Dar una fosforasi? Inategemea umesimama wapi. Mchanga mtupu wa Kigamboni au Chanika ambao haujawahi kuonja samadi, mara nyingi una kidogo, na huko DAP ya kupandia ina kazi yake. Udongo mwekundu wa kuelekea Pugu na Kisarawe una chuma na alumini zinazoikamata fosforasi na kuifungia. Upande wa Kunduchi na Wazo, penye mawe ya chokaa, kalisi (kalsiamu) ndiyo inayoikamata. Kwa hiyo fosforasi inaweza kuwepo na mmea usiipate, na kuongeza juu yake ni kulisha udongo. Ndiyo sababu pia mbolea ya fosfeti ya Minjingu inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali na kukaa bure kwenye wa chokaa.

Lakini hawa wanaoniandikia hawalimi mchanga mtupu. Wanalima viroba na ndoo, nusu udongo nusu samadi ya kuku. Samadi ya kuku ni tajiri wa fosforasi. Ukijaza kiroba hivyo msimu baada ya msimu, fosforasi haiendi popote, inajilimbikiza. Ukiongeza DAP hapo, unaanza kuzuia mmea usipate chuma na zinki, majani mapya yanatoka ya njano, na mtu anarudi kuniuliza mbona sasa yamekuwa njano. Amonia inayotoka kwenye DAP iliyowekwa karibu na mizizi michanga inaiunguza. Tena wengi wanamwagilia maji ya kisima yenye chumvi; mbolea nayo ni chumvi, mzigo juu ya mzigo.

"Mbona mimi niliweka DAP ikapona?" Hili ndilo linanikera kuliko yote, kwa sababu linasemwa kwa uhakika mkubwa. Soma mfuko: 18-46-0. Ile 18 ni naitrojeni. Mche uliokuwa na njaa ya naitrojeni ukipewa DAP utachangamka, na fosforasi itapewa sifa isiyo yake. (Na ile 46 si fosforasi tupu, ni oksaidi yake, fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20.) Anayetaka kujua kweli agawe miche yake: mingine aipe TSP, ambayo ina fosforasi bila naitrojeni, mingine urea, ambayo ina naitrojeni bila fosforasi, mingine asiipe kitu. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoikataa wote, na ndiyo yenye majibu. Mche ukitoka kitaluni mizizi inakatika. Kwa siku kadhaa hauwezi kutumia sukari yake, unakuwa zambarau, kisha mizizi inarudi na majani mapya yanatoka kijani. Uliyeweka DAP siku ya tatu utaona umeuponya. Jirani yako ambaye hakuweka kitu wake umepona vilevile, ila yeye hakuwa na cha kusimulia.

Nikija kwako, kabla ya kusema lolote nitang'oa mche mmoja. Watu hawapendi, wanauonea huruma, lakini mizizi inaniambia zaidi ya shina. Kwenye mchanga wa Dar mara nyingi nakuta vinundu kama shanga: ni minyoo fundo, minyoo midogo inayovimbisha mizizi. Mizizi ya namna hiyo haichukui fosforasi, haichukui maji vizuri, na mmea unakuwa zambarau juu ya udongo ulioshiba. DAP haiui minyoo fundo. Mara nyingine nakuta mizizi imezunguka ndani ya kiroba mpaka imejisuka, au imeoza na inanuka kwa sababu kiroba hakikutobolewa na masika yamekijaza maji. Majani yaliyojikunja kwenda juu pamoja na nzi weupe chini yake ni virusi, na hapo mbolea yoyote ni hasara.

Nikiwa mkweli, kwa macho peke yake siwezi kila mara kutenganisha fosforasi na mizizi mibovu, na anayekuambia anaweza kwa kutazama picha ya simu anakudanganya. Hata ile njia ya kufunga kitambaa kwenye shina uone kama sehemu iliyofunikwa itabaki kijani haimalizi ubishi, maana mmea wenye njaa ya fosforasi nao huhitaji mwanga ili ugeuke zambarau. Kwa mwenye eneo kubwa, kipimo cha udongo ndiyo njia. Maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wanapima, na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, kazi yao hasa ni udongo. Kwa mwenye viroba kumi, kupima kunaweza kugharimu kuliko nyanya zenyewe, kwa hiyo chomeka kijiti kando ya mche, weka alama usawa wa ncha, na urudi baada ya wiki. Ukiwa umepita alama na kutoa jani jipya la kijani, uache.

Ukiwa haujasogea, majani ya chini ndiyo yaliyogeuka, mizizi ni myeupe na safi, na udongo wako ni mchanga usio na samadi, hapo nakubali: fosforasi. Usiimwage juu. Fosforasi haitembei kwenye udongo zaidi ya milimita chache, ikibaki juu itabaki juu. Fukia DAP kiasi cha kizibo cha soda kwa shimo, upana wa vidole vinne kutoka kwenye shina, kina cha kidole, kisha mwagilia. Majani yaliyokwisha kuwa zambarau usiyahesabu, mengine hayarudi. Tazama yale yatakayotoka.